Kugeuza haisi kuwa gari la kulala: maswali yanayorudi kila siku

Haya maswali nimeyajibu kwa meseji, kwa simu, na mengine nimeyajibu nimesimama gereji mikono imejaa gundi, ndo maana nimeamua kuyaweka sehemu moja. Nazungumzia Toyota HiAce maana ndo iliyojaa mitaani kwetu, spea unazipata mpaka vijijini na fundi anaijua hata umeme ukikatika. Ukiwa na Noah au Caravan mengi utayatumia vilevile. Ila shika hili kabla hatujaenda mbali: hilo gari ni boksi la bati na kuna watu watapumua humo usiku kucha. Hewa kwanza, urembo utakuja.

## Kabla hujanunua hata skrubu

Naanzia wapi kabisa?

Anza kwa kulala. Toa siti za nyuma, tupa godoro chini, beba dumu la maji, ndoo na jiko dogo la gesi, nenda hata Bagamoyo ulale siku mbili tatu. Hapo utajua miguu inagonga wapi, joto linatokea upande gani, usiku ukitaka kutoka kujisaidia unapita wapi, na vitu gani umebeba hujavigusa. Watu wengi wanaanza na picha walizoona kwenye simu alafu wanajenga kabati tano, baadae wanakuta hakuna pa kuvaa suruali.

Ukirudi, chora sakafu ya gari kwa chaki uani kwako kwa vipimo halisi, weka maboksi matupu kama ndo makabati, kaa humo na mwenzako mpishane. Chaki inafutika, mbao ukishakata umekata.

Haisi ipi inafaa?

Kama mfuko unaruhusu chukua hii ya toleo la 200 iliyoanza kutoka 2004. Ile nyembamba ya kawaida ina urefu wa mita 4.7 hivi kwa upana wa mita 1.7, inapita popote na inaegesheka kirahisi. Ile ndefu kabisa ni mita 5.38 kwa 1.88, na huo upana ulioongezeka wa sentimita 18 unabadilisha kila kitu linapokuja suala la kitanda (angalia swali la kitanda huko chini).

Kuhusu rufu, ya chini huwezi kusimama, utaishi umeinama na mgongo utakwambia. Ya juu ni bora zaidi. Kuna njia ya tatu ambayo watu wanaisahau: mafundi bodi wa Nairobi na Arusha wamekuwa wakitengeneza rufu za kunyanyuka kwenye haisi za kupeleka watalii mbugani miaka na miaka, kwahiyo kukata rufu sio kitu kigeni kwao. Ila mpe kazi fundi ambaye umeona gari lake likipigwa na mvua, sio ambaye umeona picha zake tu.

Injini ya haisi iko chini ya siti za mbele. Maana yake ukishaegesha baada ya safari ndefu, joto linaendelea kupanda ndani kwa muda mrefu, kwahiyo usitegemee kulala kichwa kikiwa upande wa mbele dakika kumi baada ya kuzima.

Nimeletewa iliyokuwa daladala, ninunue?

Unaweza, lakini lala chini uangalie mwenyewe. Daladala inaoshwa ndani kwa maji karibu kila siku, yale maji yanaingia chini ya mkeka na kukaa kwenye maungio. Nyanyua mkeka wote, gonga bati kwa kishikio cha bisibisi, pakilia kama karatasi ujue pameliwa. Angalia ngazi ya mlangoni, kingo za matairi ya nyuma na mfereji wa rufuni. Injini inatengenezeka au kubadilishwa, bodi iliyooza itakuchosha mpaka uichukie safari yenyewe.

Nitumie hela kwenye nini kwanza?

Usalama wa gari lenyewe: breki, matairi, shokapu, mfumo wa moshi usiovuja. Alafu hewa, yani feni na madirisha yenye nyavu. Alafu godoro zuri. Alafu umeme. Kabati, taa za rangi na sinki la kung'aa viko mwisho kabisa na ukikosa hela ya hivyo bado utasafiri vizuri tu.

Kisheria ikoje?

Uliza kabla ya kukata, sio baada. Tanzania kama gari lilikuwa la biashara na namba nyeupe, ukitaka litumike binafsi unapitia TRA (mamlaka ya mapato) kubadilisha matumizi, na idadi ya siti ikipungua au rangi ikibadilika kadi inatakiwa iseme hivyo. Kenya mambo hayo yako NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani), na kumbuka huko gari la mtumba haliingii likiwa limezidi miaka minane. Mwambie na mtu wa bima kwa maandishi umebadilisha nini, maana siku ya ajali ndo watasoma kila mstari.

## Hewa, joto na unyevu

Kwanini asubuhi vioo vinatiririka maji na godoro limelowa chini?

Hayo maji yametoka kwenu. Watu wawili wakilala usiku mzima wanatoa kwa pumzi na jasho mvuke ambao ukiukusanya unaweza kufika nusu lita mpaka lita nzima. Ukute mmepikia ndani na taulo mbichi imening'inia, yanaongezeka. Ule mvuke unatafuta sehemu ya baridi, ambayo ni kioo na bati, unageuka maji, na yale yaliyo nyuma ya ukuta wa mbao huyaoni mpaka ukungu uanze kunuka.

Mimi gari langu la kwanza nilibandika kapeti moja kwa moja kwenye bati pande zote, nikaziba kila kitundu nikijua nimepatia. Baada ya masika moja tu nilibandua kona ya nyuma nikakuta jeusi tii, na mwanangu alikuwa anaamka na kikohozi kila tukilala humo. Nilitoa kila kitu nikaanza upya. Ndo maana nasisitiza hili kuliko mengine yote.

Dawa yake ni hewa itembee: iingie chini, itoke juu, usiku kucha, hata kama nje kuna baridi. Hakuna mashine wala rangi ya kuzuia ukungu itakayofanya kazi ya tundu lililo wazi.

Feni moja inatosha? Niiweke wapi?

Moja ya rufuni inatosha haisi, ila iweke ivute hewa kutoka ndani kwenda nje, na ufungue dirisha upande wa pili wa gari, sio lililo jirani yake. Kama feni iko nyuma fungua la mbele, hapo hewa inapita juu ya mwili wako njiani. Feni ikizunguka huku madirisha yote yamefungwa inakula betri bure.

Ukiogopa kukata rufu, feni ndogo mbili za volti 12 zilizofungwa kwenye ubao unaoingia dirishani zinasaidia sana, na ukiuza gari unazitoa.

Na mbu?

Hapa kuna mtego. Wavu wenye matundu madogo sana unazuia mbu lakini unazuia na upepo, kwahiyo ongeza ukubwa wa dirisha lenye wavu badala ya kulifunga. Mimi naweka vyote viwili, nyavu madirishani na chandarua chenye dawa juu ya kitanda kwa kulabu nne, kwasababu mlango wa pembeni ukifunguliwa mara moja tu jioni washaingia. Mbu wa malaria anauma zaidi usiku na wewe uko kwenye boksi dogo pamoja naye. Dawa ya kufukiza ya kuwasha usiiwashe ndani mkiwa mmelala, moshi wake mnaupumua wote.

Ukutani niweke nini kuzuia joto?

Kinachofanya kazi vizuri ni ile sponji nyeusi ya raba ambayo mafundi AC wanavika mabomba, inauzwa pia kwa shiti. Haipitishi maji, inakaa kwenye kona za bati na inapunguza kelele. Bodi ngumu za foma za milimita 25 nazo ni nzuri kwa sehemu zilizonyooka. Ile foma nyeupe ya kwenye maboksi ya friji naikataa, inavunjika vipunje, inapiga kelele gari likitembea na inawaka moto haraka.

Foili ya kung'aa ukiibandika moja kwa moja kwenye bati haikusaidii kitu cha maana, inahitaji nafasi ya hewa mbele yake ndo irudishe joto. Pamba ya glasi inashika maji na vumbi lake linawasha, sio ya kuwekwa kwenye chumba kinachotikisika.

Watu wananiuliza kuhusu sufi na makumbi ya nazi kwasababu ni vya kwetu na bei ni nafuu. Sufi kwenye mto sawa, ukutani hapana, inawaka kama petroli. Makumbi yanabeba unyevu na wadudu wanahamia.

Alafu jamani, kabla ya yote hayo paka rufu nyeupe. Na paneli za sola zifunge kwenye keria zikiacha nafasi ya sentimita tano juu ya bati, zinakuwa mwavuli. Egesha chini ya mwembe au mkungu, sio chini ya mnazi, nazi moja inamaliza paneli na inaweza kumaliza mtu.

Si niwashe tu AC ya gari nilale?

Usifanye hivyo. Injini ikizunguka gari limesimama, moshi unajikusanya chini na kuzunguka gari, unaingia kwenye vitundu vya sakafu hata usivyovijua, na ndani yake kuna kaboni monoksaidi ambayo haina harufu, haina rangi, na unapolala hauamki kujitetea. Endelea kwenye swali la mkaa huko chini, sumu ni ileile.

## Mbao, gundi na kitanda

MDF (ile bodi ya unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi) ni rahisi na inapakika vizuri, kwanini mnaikataa?

Ikigusa maji inavimba kama mkate kwenye chai, na haishiki skrubu vizuri gari likitikisika. Kubwa zaidi gundi iliyoshikilia MDF na chipbodi inatoa gesi ya fomaldehaidi, inayowasha macho na koo, na kwenye gari lililoachwa juani inatoka kwa wingi zaidi. Nyumbani una vyumba na madirisha, humu una boksi.

Tumia plaiwudi nzuri. Milimita 12 inatosha makabati, 18 weka pale tu unapokalia au kulalia. Ziba kingo zote kwa vanishi ya maji, hata zile zisizoonekana.

Nimemaliza jana, naweza kulala leo?

Hapana. Gundi, rangi na vanishi vinaendelea kutoa harufu siku nyingi baada ya kukauka kwa kuguswa. Acha milango yote wazi mchana, feni ikivuta, wiki moja au mbili. Ukiingia asubuhi gari likiwa limefungwa usiku kucha na macho yakawasha, bado.

Kitanda kiwe na ukubwa gani?

Urefu wako ongeza sentimita kumi. Kwenye ile haisi nyembamba usijidanganye kulala kwa upana, ukishaweka ukuta unabakiwa na mita moja na nusu hivi, labda mtoto. Lala kwa urefu. Kwenye ile pana unaweza kulala kwa upana, ila mtu mrefu atakunja magoti.

Chini ya godoro weka chaga zenye nafasi, sio ubao mzima. Ubao mzima unakamata jasho na ndo chanzo cha lile godoro lililolowa. Godoro zito la sentimita 10 mpaka 12 linatosha, na asubuhi liinue lisimame nusu saa lipate hewa, ni kazi ndogo sana ila godoro linadumu.

Uzito unahesabiwaje?

Shiti moja ya plaiwudi ya milimita 12 ina kilo 20 hivi, ya 18 inakaribia 30. Maji lita moja kilo moja. Betri, mtungi, godoro, friji, watu. Jumlisha alafu linganisha na uwezo ulioandikwa kwenye kibao cha gari. Njia nzuri ni kupita mizani kabla na baada ya kujenga. Betri upande mmoja, maji upande wa pili, vizito vyote viwe chini na karibu na ekseli, maana haisi yenye kabati zito juu inayumba kwenye kona za mlima Kitonga mpaka unaomba Mungu.

## Umeme

Betri na sola kiasi gani?

Hesabu matumizi kwanza. Friji ndogo ya kompresa ya volti 12 kwenye joto letu inakula Ah (ampia mara saa) 35 hadi 40 kwa siku, feni ya ampia 2 kwa saa kumi ni Ah 20, taa na simu tuseme 10. Jumla Ah 70, ambayo kwa volti 12 ni kama Wh (wati mara saa) 840.

Betri ya lithiamu ya Ah 100 inabeba siku hiyo. Paneli ya wati 200 kwa jua la saa tano kali ingetoa Wh 1000, toa upotevu unabaki na 700 hivi, kwahiyo haijazi pengo lote. Weka wati 300, au weka chaja ya kuchukua umeme kwenye alteneta (jenereta ya injini ya gari) ukiwa unaendesha. Sisi tuko karibu na ikweta, paneli ikilala bapa juu ya rufu inapata jua vizuri, huna haja ya kuinamisha.

Lithiamu au betri ya kawaida?

Betri ya asidi ukiitumia zaidi ya nusu mara kwa mara inakufa mapema, kwahiyo Ah 100 zako kiukweli ni 50, na ni nzito. Ile ya maji inatoa pia gesi inayolipuka ikichajiwa, haitakiwi kukaa chini ya kitanda bila tundu la kutolea hewa nje. Lithiamu ya aina ya LiFePO4 unaitumia karibu yote na inakwenda mizunguko 2000 na zaidi. Kama hela haitoshi anza na betri moja ya jeli na uache friji, tumia kisanduku cha barafu.

Fundi kasema fyuzi sio lazima, ni kweli?

Tafuta fundi mwingine. Fyuzi inakaa karibu kabisa na betri kwenye waya chanya, kila laini na yake, kwasababu waya ukisuguana na bati njiani betri itamwaga moto wote hapo na umelala juu yake. Na waya uwe mnene: ampia 10 kwa umbali wa mita tano tumia 6 mm², ukiweka 2.5 unapoteza karibu volti 0.7, friji itakuwa inazima na kuwaka huku unalaumu betri. Kila panapopita bati weka raba.

## Jiko, maji na choo

Naweza kupikia ndani?

Haisi ina zawadi moja: mlango wa nyuma unafunguka kwenda juu, unakuwa paa. Weka jiko kwenye droo ya kuvuta hapo nyuma, unapika umesimama nje, mvua haikugusi, harufu ya dagaa haiingii kwenye godoro. Mimi ndani nachemsha chai tu, mlango ukiwa wazi.

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inajaa chini kama maji na kusubiri cheche. Mtungi ukae kwenye boksi lake lililozibwa kwa ndani lenye tundu la kutokea nje pale chini kabisa. Kila safari paka povu la sabuni kwenye maungio ya mpira, likitoa mapovu funga. Usiku funga koki ya mtungi, sio ya jiko tu.

Jiko la mkaa likishapoa kidogo, si naweza kuliingiza kupata joto?

Hapana, hapana kabisa, hata likionekana majivu matupu. Mkaa unaofifia unatoa kaboni monoksaidi nyingi. Inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, unaanza kuumwa kichwa, unahisi usingizi mtamu, basi. Familia nzima zinapotea hivi hata kwenye vyumba vya nyumba, sembuse boksi la bati.

Nunua king'ora cha kaboni monoksaidi ukifunge usawa wa mto unapolala, na cha gesi ukifunge karibu na sakafu. Mtungi wa kuzimia moto wa unga ukae mlangoni, unaoweza kuufikia ukiwa kitandani na ukiwa nje.

Maji nibebe kiasi gani na yasiharibike vipi?

Madumu mawili ya lita 20 kwa watu wawili yanatosha siku mbili tatu bila kuoga kwa fujo. Dumu ni bora kuliko tangi la kufunga, unalitoa, unalisugua, unaliona ndani. Yakae gizani, jua likipiga yanaota kijani. Ya kunywa yachemshe au tia WaterGuard kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Kila mwezi osha kwa Jik kidogo na suuza mpaka harufu iishe.

Choo?

Ndoo yenye mfuniko unaobana, ndani mfuko, juu vumbi la mbao kutoka kwa seremala. Mkojo utenganishe kwenye chupa yake, ukichanganya ndo harufu inaanza.

## Hali za pembeni

Nina pumu, au nina mtoto mchanga. Kuna cha kubadilisha?

Usiweke kapeti popote, weka mkeka wa plastiki unaofutika. Pazia liwe la kitambaa cha kufua kila safari, godoro liwe na kava yenye zipu, mto uwe wa sponji badala ya sufi. Muda wa kuacha gari litoe harufu ongeza mpaka mwezi. Na mtoto asiachwe kwenye gari lililofungwa juani hata dakika chache, hata kama umeliwekea sponji yote hiyo ukutani, joto linapanda haraka mno.

Watoto walale kitandani gari likitembea?

Hapana. Kila anayesafiri awe na siti iliyofungwa kwa bolti na mkanda. Kama mko wanne, acha safu moja ya siti na ujenge nyuma yake.

Nikienda kwenye baridi, Njombe au Ngorongoro?

Njombe iko karibu mita 2,000, ukingo wa kreta ya Ngorongoro mita 2,300 hivi, na kuanzia Juni mpaka Agosti usiku huko si mchezo. Beba blanketi nzito na chupa ya maji ya moto ya kuweka miguuni, funika vioo kwa vipande vya foma ulivyokata kwa saizi. Tundu la juu usilifunge, ukifunga asubuhi utaanza kusoma swali la vioo upya. Na ndani ya hifadhi unalala kwenye kambi zilizotengwa tu na unalipia, hulali popote palipokuvutia.

Nakaa pwani, kutu itanimaliza?

Kila tundu unalotoboa kwenye bati lisuguliwe msasa, lipakwe redoksaidi (rangi ya kuzuia kutu) na rangi siku hiyohiyo kabla hujafunga kitu, alafu ziba kwa Sikaflex, ile gundi ya kuzibia. Kila ukirudi kutoka ufukweni osha chini ya gari kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Wanaoendesha kwenye mchanga wa bahari kisha wanaegesha wiki nzima bila kuosha watakuwa wateja wa fundi wa kuchomelea.

Baadae nikitaka kuirudisha kuwa gari la abiria?

Usichomelee kitu. Tumia matundu yaleyale ya siti kufungia fremu za kitanda na kabati kwa bolti, siti zako zihifadhi sehemu kavu zimefunikwa turubai, na bolti zake weka kwenye kopo lenye jina maana hizo ndo hupotea kwanza.